Dhuluma Isiyo na Dhalimu: Mabanati na Ilimu ya Kompyuta katika Vyuo Vikuu

Tumeletewa suali na baadhi ya ndugu zetu wa darsa, nalo ni hili: "Twasikia kwamba vyuo vikuu vya ng'ambo, na sasa hata vya kwetu, vinafanya jitihada kubwa ya kuongeza wanawake katika ilimu ya kompyuta. Lakini mlango wa vyuo hivyo u wazi kwa kila mwenye alama za kutosha, awe mume au mke, wala hapana aliyefukuzwa mlangoni. Basi kuwashughulikia wanawake peke yao si kuwapunja wanaume? Na ikiwa wanawake wenyewe hawaitaki ilimu hiyo, kwa nini wavutwe?"

Suali hili ni la maana, na jawabu lake halifai kutolewa kwa haraka. Ndani yake mna masuala mawili. La kwanza ni la khabari: ni sababu gani iliyowafanya wanawake kuwa wachache? La pili ni la uadilifu: ikiwa hapana mtu aliyewazuia, je, yafaa kusema kwamba wamedhulumiwa? Kwani dhuluma tuijuayo sisi ina mtu wake: mwizi aliyeiba, hakimu aliyekula rushwa, ami aliyekula mali ya yatima. Dhuluma isiyo na dhalimu, ni dhuluma au ni bahati mbaya tu? Tutaanza na lile la khabari, kwa sababu hukumu haitolewi kabla ya kusikizwa ushahidi.

NI MAUMBILE AU NI MAZOEA?

Hoja inayosemwa sana ni kwamba akili ya mwanamke haikuumbwa kwa ajili ya mitambo na hesabu, na ndiyo maana akaikimbia kompyuta kwa hiari yake. Lau jambo hili lingekuwa la maumbile, lingekuwa hivyo tangu mwanzo, na lingekuwa hivyo kila mahali. Moto huunguza Mombasa na huunguza Makka. Huunguza leo, na uliunguza zama za Nuhu. Hebu tutazame kama jambo hili nalo liko hivyo.

Mwaka 1946, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, ilidhihirishwa mbele ya watu mashine ya kuhesabia iliyoitwa ENIAC, mojawapo ya kompyuta za kwanza za umeme duniani. Kazi ya kuipangia mashine ile hesabu zake, yaani kazi ambayo leo twaiita kutunga programu, ilifanywa na wanawake 6: Kathleen McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Hawakuwa na kitabu cha kuwaongoza. Walijifunza kwa kuitazama michoro ya mashine yenyewe. Siku ya kudhihirishwa walisifiwa mabwana walioiunda, na mabibi hawa hawakutajwa. Mwaka 1952 Bibi Grace Hopper, wa huko huko Marekani, alitengeneza mojawapo ya programu za mwanzo kabisa za kuyageuza maagizo ya mtu yakawa maagizo ya mashine. Na huko Uingereza, mwaka 1962, Bibi Stephanie Shirley alianzisha kampuni ya kutunga programu, na karibu watumishi wake wote walikuwa wanawake wenye watoto, wakifanya kazi majumbani mwao kwa kalamu na karatasi. Barua zake za kutafuta kazi zilipokuwa hazijibiwi, akaanza kutia sahihi kwa jina la "Steve", ambalo ni la kiume. Majibu yakaanza kuja. Barua ni zile zile, na ilimu ni ile ile. Lililobadilika ni jina.

Hayo ni ya mwanzo. Tutazame yaliyofuata. Katikati ya miaka ya 1980, katika kila watu 100 waliopata shahada ya kwanza ya kompyuta nchini Marekani, wanawake walikuwa 37 hivi. Miaka 25 baadaye walikuwa wamerudi nyuma mpaka kiasi cha 18. Na katika muda huo huo wanawake wa nchi ile ile walikuwa wakizidi katika udaktari na sheria, ambazo si ilimu nyepesi. Je, akili zao ziligeuzwa usiku mmoja, zikaifaa tiba zikaikataa kompyuta? Waliochunguza wametaja sababu iliyo karibu zaidi: katika miaka ile kompyuta ndogo zilianza kuuzwa madukani ziwekwe majumbani, nazo zilitangazwa na kununuliwa kama vitu vya kuchezea vya watoto wanaume.

Kisha tuvuke bahari twende Malaysia, nchi yenye Waislamu wengi. Huko wanawake wanaosoma kompyuta katika vyuo vikuu ni karibu nusu, na katika baadhi ya vyuo wamewazidi wanaume. Wataalamu waliokwenda kuuliza sababu walijibiwa kwamba kazi ya kompyuta hufanywa ndani, penye kivuli, pasipo jua wala kubeba mizigo, na kwa hiyo ni kazi inayomfaa mwanamke. Tazama ajabu hii! Kazi ni moja. Marekani yaonekana ni ya kiume kwa kuwa ni ya mashine, na Malaysia yaonekana yamfaa mwanamke kwa kuwa ni ya kukaa chumbani. Na kila upande wadhani kwamba unasema jambo la maumbile.

Basi twasema: jambo linalobadilika kwa miaka 25, na kugeuka kwa kuvuka bahari, si maumbile bali ni mazoea. Na mazoea yamefanywa na watu, kwa hiyo watu waweza kuyafanya upya.

KHABARI YA CHUO CHA PITTSBURGH

Katika mji wa Pittsburgh, Marekani, kuna Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, kilicho katika mstari wa mbele duniani kwa ilimu ya kompyuta. Mwaka 1995, katika kila wanafunzi 100 walioingia kusoma ilimu hiyo, wanawake walikuwa 7 tu. Bibi Jane Margolis, mtaalamu wa mambo ya jamii, na Bwana Allan Fisher, mmoja wa wakuu wa skuli ya kompyuta chuoni hapo, wakaamua kuuliza sababu badala ya kuibahatisha. Kwa muda wa miaka 4 waliwahoji wanafunzi zaidi ya 100, wanaume kwa wanawake, na wengine waliwahoji zaidi ya mara moja. Mwaka 2002 wakayatoa waliyoyapata katika kitabu.

Waliyoyapata yanastahili kutazamwa kwa makini, kwani yanagusa majumba yetu kama yalivyogusa majumba yao. Hawakukuta mlango uliofungwa. Walikuta kwamba kompyuta iliponunuliwa nyumbani, aghlabu iliwekwa chumbani kwa mtoto mwanamume. Baba aliketi na mwanawe wakaifungua na kuifunga. Binti alisimama nyuma akachungulia juu ya bega la nduguye. Hakuna aliyemwambia "ondoka", na hakuna aliyemwambia "keti". Walipofika chuoni, kijana yule alikuwa amekwisha kulala na kuamka na mashine ile miaka mingi, na binti ndio kwanza aketi mbele yake. Masomo ya mwanzo yakaenda kwa mwendo wa yule aliyezoea. Binti akaitazama mbio ya mwenziwe akadhani ni akili, na akautazama upungufu wake wa mazoea akadhani ni ujinga.

Na hapa ndipo ilipo siri ya lile neno "wenyewe hawaitaki". Watafiti hawa waliona kwamba wengi wa wanawake walioacha hawakuanza kwa kuichukia ilimu ile. Waliipenda, ndiyo sababu wakaijia. Kwanza walipoteza kujiamini, hata baadhi ya wale waliokuwa wakipata alama nzuri. Kujiamini kulipokwisha, na mapenzi yakafuata. Mtu akimuuliza wakati huo, atajibu kwa ukweli kabisa: "Sikuipenda." Lakini jawabu hilo ni mwisho wa khabari. Mwenye kulichukua akalifanya ndiyo sababu yenyewe ni kama mtu anayeuona mche umekauka akasema haukupenda kumea, wala asiulize ulimwagiliwa mara ngapi.

Jambo kubwa kuliko yote lilikuwa la mizani. Chuo kilipokuwa kikichagua wanafunzi kilimpa uzito yule aliyekwisha kutunga programu kabla ya kuja. Wakatazama: je, wasiopata kutunga programu kabla huanguka? Wakakuta kwamba wengi wao huanza nyuma, lakini kabla ya kumaliza huwa wamewafikia wenzao. Maana yake ni kwamba mizani ile haikuwa ikipima akili. Ilikuwa ikipima kile ambacho mtoto alipewa nyumbani kwao.

Basi wakaitengeneza. Wakaacha kuyapa uzito mazoea ya kabla, wakatazama uwezo wa akili na juhudi. Wakafanya njia zaidi ya moja za kuanzia masomo, aliyezoea aanze kwake na mgeni aanze kwake, kisha wakutane mbele. Wakawafunza walimu wa skuli za sekondari namna ya kuwavuta wanafunzi wote, si wale wanaojileta wenyewe tu. Mwaka 1999 akaja Bibi Lenore Blum, mwalimu wa hesabu na kompyuta, na wanafunzi wanawake wakajengewa jamaa yao ya kusaidiana na kushauriana. Mwaka 2000, wanawake walioingia walikuwa 42 katika kila 100, na kufikia 2016 walikuwa karibu nusu. Mtihani haukulegezwa, na chuo hakikushuka cheo.

ADABU ZA DARSA

Kiko chuo kingine, kidogo, huko California, kiitwacho Harvey Mudd. Mwaka 2006 kilipata mkuu mpya, Bibi Maria Klawe, ambaye mwenyewe ni mtaalamu wa hesabu na kompyuta. Wakati huo, katika kila 100 waliochagua ilimu ya kompyuta chuoni hapo, wanawake walikuwa karibu 10. Walimu wakayagawa masomo ya mwanzo kwa kadiri ya mazoea ya mwanafunzi; wakayatengeneza mafunzo yaonyeshe kazi ambazo kompyuta yaweza kuwafanyia watu; na wakawapeleka wasichana wa mwaka wa kwanza katika mkutano mkubwa wa wanawake wa kompyuta unaofanywa kwa jina la Bibi Grace Hopper, ili waone kwa macho yao kwamba wao si wa pekee. Baada ya miaka michache wakafika 40 katika 100, na mwaka 2016 wanawake wakawa zaidi ya nusu ya waliomaliza shahada hiyo.

Katika waliyoyafanya kuna moja dogo ambalo mwenye kusomesha ataliona kuwa ni kubwa. Palikuwa na wanafunzi ambao hujibu kila suali na kutaja mambo yasiyosomwa bado, hata wenzao wakanyamaza kwa kudhani kwamba wote wanajua isipokuwa wao. Mwalimu humwita mwanafunzi wa namna hii kando, kwa upole, akamwambia kwamba anafurahi kuwa naye, lakini mazungumzo ya juu kama yale wayafanye wawili, baada ya darasa.

Ndugu zetu, nani aliyekaa katika darsa asiyelijua hili? Mtoto wa sheikh huja amekwisha kuisikia Ajurumiya nyumbani kwao. Hujibu kabla suali halijaisha. Mtoto wa mvuvi, ambaye labda Mwenyezi Mungu amempa fahamu kubwa zaidi, hujikunja nyuma ya nguzo, na baada ya mwezi haji tena. Kisha watu husema: "Yule hakuwa na hamu ya ilimu." Mwalimu mwema humtuliza wa mbele na kumsogeza wa nyuma, wala hapana asemaye kwamba amemdhulumu mtoto wa sheikh. Yaliyofanywa Harvey Mudd si zaidi ya haya.

UPENDELEO AU UADILIFU?

Sasa twaweza kulitazama lile neno "kupunja". Kuna njia mbili za kuongeza wanawake katika chuo, nazo hazifanani, na wengi huzichanganya.

Njia ya kwanza ni ya kuongeza alama. Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kumwongezea kila mwanafunzi wa kike alama 1.5 katika hesabu ya kuingilia chuoni. Hatuwalaumu walioamua hivyo, kwani wanawake chuoni walikuwa kama robo tu, na baada ya miaka kadhaa walikaribia nusu. Lakini wengi wa walionufaika waliingia katika masomo ya fasihi na ya jamii kuliko sayansi. Alama humvusha mtu mlangoni, wala haimfunzi aliyoyakosa kabla ya mlango wala hailindi moyo wake baada yake. Tena humwachia binti maneno ya watu, kwamba aliingia kwa huruma, hata kama alama zake mwenyewe zilitosha.

Njia ya pili ni ya kuitengeneza mizani na kuitengeneza njia, kama walivyofanya wale wa Pittsburgh na California. Hapa hapana aliyeongezewa wala aliyepunguziwa. Mwanamume asiyekuwa na kompyuta kwao, mtoto wa maskini au wa shamba, naye amefaidika kwa njia ile ile, kwa sababu kizuizi kilichoondolewa hakikuwa cha wanawake peke yao. Kilikuwa cha kila aliyekuja bila mazoea, nao wanawake ndio waliokuwa wengi katika hao. Hii ndiyo alama ya uadilifu: ukiutengeneza kwa ajili ya mmoja, huwafaa na wengine.

Wala uadilifu hauna upande mmoja. Yule Bibi Stephanie Shirley tuliyemtaja aliendelea kuajiri wanawake karibu peke yao, mpaka mwaka 1975 Uingereza ilipotunga sheria ya kukataza kubagua watu kazini kwa ajili ya uume au uke wao. Sheria iliyokusudiwa zaidi kuwalinda wanawake ikamlazimu yeye awafungulie mlango wanaume. Mwenye kutaka mizani na akubali kupimwa nayo.

HUKUMU YA DHULUMA ISIYO NA DHALIMU

Tumebaki na suali la pili, lililo gumu zaidi. Baba yule aliyeweka kompyuta chumbani kwa mwanawe hakukusudia kumnyima binti yake. Mwalimu aliyekwenda mbio hakukusudia kumfukuza mtu. Waliopima mazoea walidhani wanapima akili. Kila mmoja ukimleta mbele ya hakimu atatoka hana hatia. Je, basi hapana haki iliyopotea?

Twasema kwamba sharia yetu imetufunza kutenganisha vitu viwili, dhambi na dhamana. Mtu aliyelala akageuka usingizini akavunja chombo cha mwenziwe hana dhambi, kwani hakukusudia wala hakuwa na fahamu. Lakini chombo atalipa. Haki ya mwenye chombo haikuanguka kwa sababu ya usingizi wa aliyekivunja. Basi yaweza kuwa hapana mwenye dhambi, na ilhali haki ya mtu iko palepale inadai kurudishwa.

Tena kuna jambo la pili. Chukua mfano wa mti ulioangushwa na upepo juu ya njia iendayo kisimani. Siku ulipoanguka hapana wa kulaumiwa. Wenye nguvu wakauruka, wenye ndoo kichwani wakazunguka mbali, na baadhi yao wakaacha kwenda kisimani. Mwaka wa kwanza ukapita, na wa pili. Watu wakaanza kusema kwamba wale wasiokwenda kisimani hawapendi maji. Je, bado twaweza kusema ni kazi ya upepo? Mti uliangushwa na upepo, lakini uliobakizwa umebakizwa na sisi. Asiyejua ana udhuru. Anayejua na akapita ana dhamana. Na kuondoa njiani chenye kuwadhuru watu ni jambo tulilofunzwa tangu utotoni kwamba lina thawabu.

Kwa hiyo jawabu letu ni kwamba dhuluma yaweza kuanza bila dhalimu, lakini haiwezi kudumu bila yeye. Siku inapojulikana sababu yake, ndiyo siku anapopatikana mwenye kuulizwa. Kabla ya 1995 watu wa vyuo waliweza kusema hawakujua. Hivi leo, baada ya mambo haya kuandikwa na kujaribiwa, chuo chenye wanawake wachache kisichotaka hata kutazama mizani yake hakina udhuru huo.

Wala tusifahamiwe kwamba twataka nusu kwa nusu kwa lazima. Hesabu ni dalili tu, kama joto la mwili lilivyo dalili ya homa. Njia ikisafishwa kweli kweli, kisha wanawake wakawa 40 au 60 katika 100 kwa hiari yao, hapana wa kumlaumu mwenziwe. Lakini wakiwa 7 au 18, mwenye akili atauliza njia iko namna gani.

HASARA YA WATU WOTE

Yawezekana mtu akasema: "Haya, wamekosa, lakini wako wanaume wa kuifanya kazi hiyo. Umma umepungukiwa na nini?" Umma umepungukiwa na macho. Programu huamua mambo mengi siku hizi: nani apewe mkopo, nani aitwe kazini, sura ya nani yatambulika. Mwaka 2018 Bibi Joy Buolamwini na Bibi Timnit Gebru walizijaribu programu za kampuni kubwa za kutambua kama sura ni ya mwanamume au ya mwanamke. Kwa wanaume weupe programu hizo zilikosea chini ya mara 1 katika 100; kwa wanawake weusi, mojawapo ilikosea zaidi ya mara 34 katika 100. Waliozitengeneza hawakuliona kosa hilo, kwani hazikuwa zikiwakosea wao. Na mwaka huo huo ilijulikana kwamba kampuni ya Amazon iliwahi kutengeneza programu ya kuchagua waombaji wa kazi, ikaifunza kwa maombi ya miaka 10 ambayo mengi yalikuwa ya wanaume. Programu ikajifunza kuwashusha wanawake, mpaka ikabidi iachwe. Mazoea ya watu yaliingia katika mashine, na yakiwa ndani ya mashine huonekana kama ni hesabu isiyo na makosa. Mazoea yalikuwa ya baba na mwana. Yakawa ya mtambo unaohukumu maelfu.

KWETU PWANI

Sasa tujitazame wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 hapa Mombasa ilifunguliwa skuli ya ufundi ya Waislamu, iliyojengwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, ya Aga Khan, ya jamaa za Kibohora na ya serikali ya wakati ule. Waliochanga waliona kwamba dunia inakwenda kwa ufundi na watu wetu wamebaki nyuma. Skuli ile ilibadilika jina mara kadhaa, na mwaka 2013 ikapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, na humo husomeshwa kompyuta. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, nacho kilipata hati yake. Basi kisima hakiko mbali. Lililobaki ni mti ulio njiani, na sehemu kubwa ya mti huo imelala ndani ya nyua zetu.

Nani nyumbani mwako hushika kompyuta ikiwa ni moja? Nani hupewa fedha za kwenda dukani kwenye kompyuta za kukodi, na nani huambiwa amsaidie mama jikoni kwanza? Mtoto mwanamume akiifungua redio ikaharibika twasema atakuwa fundi. Binti akifanya hivyo twasema ameharibu redio. Haya ni madogo, na kwa udogo wake hayaonekani. Lakini ndiyo yale yale yaliyokutwa Pittsburgh. Babu zetu waliambiwa kwamba binti akifunzwa kuandika ataandika barua za siri. Leo hapana anayelisema hilo bila ya kuona haya, na waliolisema hawakuwa watu wabaya, mazoea yaliwasemea.

Tunajua kwamba wako wazazi ambao khofu yao si ya ilimu bali ni ya mazingira: binti kulala mbali, vyumba vya kompyuta kukaa wazi mpaka usiku, na yeye kuwa peke yake kati ya vijana 30. Khofu hiyo hatuidharau, na ina haki. Lakini tazama: dawa ya khofu hiyo ndiyo dawa iliyoviponya vyuo vile. Banati mmoja kati ya 30 yuko katika upweke na mashaka. Mabanati 12 kati ya 30 ni jamaa. Wazazi wa mtaa mmoja na wapeleke binti zao pamoja, 3 au 4, wasaidiane njiani na masomoni. Na wawatake wakuu wa vyuo waweke saa za mchana za kutosha katika vyumba vya kompyuta, makazi ya amani, na walimu wanawake watakaowasikiliza. Ombi la wazazi 40 waliotia sahihi husikizwa kuliko kulalamika barazani. Kumzuia binti ni kumtoza yeye gharama ya upungufu wa mahali. Kutaka mahali patengenezwe ni kumtoza mwenye mahali.

Na walimu wa vyuo vyetu twawaomba mambo matatu, ambayo hayahitaji fedha nyingi. Wasichukue kwamba kila aliyeingia amekwisha kuizoea kompyuta, kwani skuli nyingi hazina somo hilo. Wamtulize mwenye kutangulia, wamsogeze mwenye kunyamaza. Na mwanafunzi mwanamke akija kusema anataka kuhama somo, wamuulize kabla ya kutia sahihi: ni ilimu umeichukia, au ni wewe mwenyewe umeacha kujiamini? Huenda suali hilo moja likaokoa mtaalamu.

Ama wewe mzazi ambaye mwaka huu binti yako amepata alama za kuingia, na barua ya chuo imo mkononi, na ndugu na jirani wanakwambia kwamba kompyuta si ya kike, wajibu kwa upole kwamba ni mazoea tu, na mazoea yana mwanzo wake na mwisho wake. Kisha mwite binti uketi naye, kama baba yule alivyoketi na mwanawe, umuulize anataka kujifunza nini. Usiamue kabla ya kumsikiliza.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki na atupe nguvu ya kuifuata, na awajaalie watoto wetu, wa kiume na wa kike, ilimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.